Leseni ya kujaribu king'ora cha tetemeko: nisaini ama nisisaini?

Maswali ya safari hii karibu yote yameangukia sehemu moja, mifumo ya kutoa onyo la mapema la tetemeko la ardhi na makaratasi ya kuijaribu, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Nimeyafupisha kidogo na majina nimeyaacha nje.

SWALI: Ndugu mhariri habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wanafunzi wa uhandisi, tumetengeneza apu inayopokea mitetemo laivu kutoka vituo vya taasisi moja ya utafiti na kukadiria tetemeko liko wapi na kubwa kiasi gani, inafanya kazi poa tu. Sasa tunataka kuwapa watu mia kadhaa waijaribu kwenye simu zao, tulipoomba ruhusa tukaletewa mkataba wa majaribio umejaa maneno kama "kwa tathmini pekee", "hairuhusiwi kusambaza kwa mtu wa tatu", "isitegemewe kwa usalama wa maisha", alafu eti wanaweza kutukatia wakati wowote. Mbona kama wanataka tuwafanyie kazi bure na tusionekane? Data si ni ya umma? Tusaini ama tuachane nao?

JIBU: Sainini, ila sio kabla hamjaona kwamba mmechanganya vitu vitatu na kila kimoja kina leseni yake. Kuna programu, kuna data, na kuna onyo lenyewe, yaani ule mlio unaomfanya mtu aache alichoshika akajikinge chini ya meza. Programu nyingi za kazi hii ni huria, data nyingi za mitetemo ni wazi, na hapo ndipo watu wanaona wameshamaliza. La tatu ndilo lenye kesi. Someni tena hivyo vipengele vinavyowaudhi, karibu vyote havigombei data yenu wala programu yenu, vinauliza ni nani mwenye haki ya kumwambia mtu asiyemjua "jikinge sasa hivi".

Na hilo swali sio dogo hata kwa wakubwa. Japani, ambako mfumo huu umekomaa kuliko karibu popote, shirika lao la hali ya hewa halikuanza kwa kuwapigia wananchi wote king'ora. Agosti 2006 walianza kuwapa onyo watumiaji wachache waliojua wanapewa nini, watu wa reli, wa ujenzi na kadhalika, wananchi wa kawaida wakaja kuanza kupata Oktoba 2007, yaani zaidi ya mwaka mzima onyo lipo na lilikuwa halitangazwi, kwa sababu walihofia mtu ambaye hajafundishwa akisikia mlio anaweza kujiumiza kwa kukimbia kuliko ambavyo tetemeko lingemuumiza. Alafu Desemba 2007 sheria ikabadilishwa: ukitaka kufanya biashara ya kutabiri mtikisiko huko unaomba kibali, unatimiza viwango vya kiufundi, na onyo rasmi kwa umma analitoa mwenye mamlaka peke yake. Wewe unaweza kumhudumia mteja wako lakini huwezi kujigeuza serikali.

Marekani nao njia ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Mfumo wa ShakeAlert unaoendeshwa na idara ya jiolojia, USGS, pamoja na vyuo vikuu vya pwani ya magharibi, ulianza kutuma onyo la majaribio kwa watumiaji wachache mwaka 2012. Kampuni ama taasisi ikitaka kutumia onyo lao inaanza kama mshirika wa majaribio, inaonyesha kwamba inafikisha ujumbe haraka na kwamba watumiaji wake wamefundishwa, ndipo inapopewa leseni ya kuendesha kwa kweli. California nzima ilianza kupata onyo kwenye simu tarehe 17 Oktoba 2019, Oregon na Washington wakafuata 2021. Miaka saba kutoka majaribio mpaka umma, na hao ndio wenye hela.

Sasa tuje kwenye maneno yenu. "Kwa tathmini pekee" maana yake mnapima, hamtoi huduma. Mpaka hapo sawa, lakini mwombe waandike mnapima nini, kwa sababu neno tathmini likiachwa peke yake linatosha kuwafunga hata kuandika ripoti ya chuo. Wekeni wazi kwamba mnaruhusiwa kuhifadhi kumbukumbu za muda, yaani kituo kilihisi saa ngapi, seva ikaamua saa ngapi, simu ikapokea saa ngapi, na kwamba mnaruhusiwa kuchapisha matokeo yakiwemo mabaya. Hiki kipengele cha kuchapisha ndio ningekipigania kuliko vyote. Mikataba mingine inasema matokeo yakaguliwe kwanza na mwenye data, hiyo si mbaya, mradi kuna siku za ukaguzi zilizotajwa na akikaa kimya zikaisha basi mnaendelea.

"Mtu wa tatu" ndio pagumu kwenu, kwa sababu hao watu mia kadhaa ndio watu wa tatu wenyewe. Msijidanganye kwamba mkiwaita "timu ya majaribio" kwenye kundi la simu basi wamegeuka kuwa wa ndani. Ombeni mkataba utaje aina ya mjaribuji: mtu mzima, amekubali kwa maandishi, ameelezwa kwamba mlio unaweza kuja bure ama usije kabisa, na anaweza kujitoa. Wakikataa hata hivyo kuna njia nyingine ambayo kwa kweli ningeifuata hata kama wangekubali, jaribio la kimya. Simu inapokea ujumbe, inaandika muda, haitoi sauti wala kutetemeka, mnakusanya kumbukumbu baadaye.

Kwa nini nasema linatosha? Angalieni hesabu. Wimbi la kwanza, lile la P ambalo halina madhara sana, linakwenda kama kilomita 6 kwa sekunde, la S ambalo ndilo linabomoa linakwenda kama kilomita 3.5. Mtu aliye kilomita 100 kutoka kwenye chanzo anafikiwa na P kwenye sekunde ya 17 hivi na S kwenye sekunde ya 29 hivi. Lakini mfumo haumsubiri yeye asikie P, unatumia vituo vilivyo karibu na chanzo, ukiweza kuamua kwenye sekunde ya 8 na simu ikachukua sekunde 4 kupokea, mtu wenu anabakiwa na sekunde kama 17 kabla ya mtikisiko mkubwa. Simu ikichelewa sekunde 15 anabakiwa na 6, na kama yuko kilomita 40 tu ndio kabisa, S imeshampita kabla mlio haujatoka. Tetemeko kubwa la Japani la Machi 2011, onyo lilitoka sekunde 8.6 baada ya kituo cha kwanza kuhisi wimbi, na ule ni mtandao wa vituo vingi sana. Kwa hiyo kitu mnachokipima hasa ni ucheleweshaji, na ucheleweshaji hauhitaji kumtisha mtu ili upimike.

Tena hamhitaji hata kusubiri ardhi itikisike. Rekodi za matetemeko ya zamani zipo, mnazipitisha kwenye mfumo kana kwamba zinatokea sasa hivi na kuona ungesema nini. Ila hapa kuna mtego, hakikisheni rekodi inayorudiwa inakwenda kwenye seva ambayo haina hata namba moja ya simu ya mtu wa kweli. Sio kwenye seva ile ile alafu mnaweka alama ya kutofautisha, hapana, seva nyingine kabisa. Januari 2018 kule Hawaii (haikuwa tetemeko, ilikuwa kombora) zoezi la ndani liligeuka ujumbe wa kweli kwenye simu za watu wote, na ikachukua dakika 38 kutuma ujumbe wa kusahihisha kwenye simu hizo hizo. Kama mkataba wenu hausemi nani anafuta onyo la bahati mbaya na ndani ya dakika ngapi, ongezeni wenyewe, itawasaidia nyie kuliko wao.

Na muda pia. Oktoba 19, 2023 kwenye zoezi la kila mwaka la tetemeko, watumiaji wa MyShake, apu ya onyo la tetemeko huko California, walitakiwa kupata ujumbe wa majaribio saa 4 na dakika 19 asubuhi, wakaamshwa saa 9 na dakika 19 usiku, sababu ni saa za kanda zilichanganywa. Wale wana wataalamu, wana mikataba, wana kila kitu, na bado. Kwa hiyo kwenye ratiba ya majaribio andikeni saa pamoja na kanda yake, na kwenye ujumbe wenyewe tumieni CAP, muundo wa kimataifa wa kuandika jumbe za tahadhari, ambao una sehemu maalum ya hali ya ujumbe, ya kweli, zoezi ama jaribio, ili hata mtu mwingine akiudaka asichanganyikiwe.

"Isitegemewe kwa usalama wa maisha" hamtakiondoa, msipoteze nguvu. Kipo karibu kila mahali na kina haki ya kuwepo, mfumo wa majaribio unakosea. Hata ule usio wa majaribio: Januari 2018 Japani matetemeko mawili madogo yalitokea karibu wakati mmoja sehemu mbili tofauti, kompyuta ikayaona ni moja kubwa, watu wa Tokyo wakapigiwa king'ora na hakuna kilichotokea cha maana. Kazi yenu ni kuhakikisha neno hilo hilo linamfikia mjaribuji wenu kwa lugha anayoielewa, tena kabla hajasakinisha, sio kwenye ukurasa wa masharti ambao hakuna mtu duniani anausoma.

La kukatiwa wakati wowote, hapo bargeini. Wakate mara moja kama kuna hatari, sawa, hakuna ubishi, lakini kwa sababu nyingine wawape notisi, na mkishakatiwa mbaki na haki ya kutumia kumbukumbu mlizokwisha kukusanya. Bila hiyo mnaweza kufanya kazi mwaka mzima na mkabaki mikono mitupu.

Na data kuwa ya umma, ndiyo na hapana. Rekodi zilizohifadhiwa za mitandao mingi ya vituo ni wazi kweli, masharti ni kutaja mtandao zilikotoka. Mtiririko wa laivu ni habari nyingine, kuna gharama za seva na mara nyingi kuna masharti yake peke yake. Na hata ukiwa wazi kabisa haujawapa ruhusa ya kupiga king'ora.

SWALI: Mimi nimechukua programu huria ya kuchakata mitetemo nikairekebisha, naona leseni yake ni AGPL, rafiki yangu ananiambia nikiitumia tu lazima nitoe kila kitu bure, mwingine anasema hiyo ni ukiuza nakala tu. Nani anasema kweli?

JIBU: Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. AGPL haikukatazi kuuza na haikulazimishi kutoa kitu ukiitumia peke yako kwenye kompyuta yako. Inachofanya zaidi ya GPL ya kawaida, leseni ndugu yake ya programu huria, ni hiki: ukiirekebisha alafu watu wakaitumia kupitia mtandao, hata kama hujawapa nakala, hao watu lazima uwape nafasi ya kupata msimbo chanzo wa toleo lako. SeisComP, programu ya kuchakata mitetemo ambayo inatumika kwenye vituo vingi, iko chini ya AGPL toleo la 3, kwa hiyo ukiichezea ndani na kuifungulia wajaribuji ukurasa waingie, hapo imekushika. Swali ambalo mawakili wanaweza kubishana mpaka asubuhi ni kama mtu anayepokea tu ujumbe kwenye simu "anaitumia" programu ile kwenye seva, mimi ningejikinga kwa kuweka marekebisho wazi tu, maana kwenye mfumo wa tahadhari kuficha jinsi unavyoamua sio sifa.

OpenEEW, mradi huria wa onyo la mapema la tetemeko uliojiunga na shirika la programu huria la Linux Foundation mwaka 2020, umetumia leseni ya Apache, hiyo ni legevu zaidi, unarekebisha na unafunga ukitaka, unabakiza matangazo ya hakimiliki, na inakupa pia haki ya hataza kutoka kwa waliochangia msimbo. Ila zote mbili zina ile aya ya herufi kubwa inayosema hakuna dhamana ya aina yoyote. Aya hiyo inamlinda aliyeandika programu dhidi yako. Haikulindi wewe dhidi ya mjaribuji wako, hapo lazima uandike ya kwako.

SWALI: Mhariri shikamoo. Mimi ni fundi mkuu wa lifti na mitambo kwenye jengo refu, kampuni moja inatuomba tuwe wajaribuji wa onyo lao, eti lifti zisimame zenyewe kwenye ghorofa la karibu na kufungua milango. Bosi anaona ni sifa nzuri. Mkataba unasema sisi tutawafidia wao kwa madai yoyote. Nimekaa nao kwenye droo, roho inasita.

JIBU: Marahaba, na roho yako ina akili. Wazo lenyewe ni zuri na limeshafanyika, treni za BART za eneo la San Francisco zilianza kupunguza mwendo zenyewe kwa onyo la ShakeAlert tangu 2012 wakati mfumo bado ni wa majaribio. Kwa nini wao waliweza mapema hivyo? Kwa sababu treni ikipunguza mwendo bure unachelewa dakika chache, hakuna aliyeumia. Hicho ndicho kipimo cha kutumia kwako: onyo likija la uongo saa sita mchana lifti zikasimama na kufungua, hasara ni nini? Kama ni watu kununa, endelea. Kama kuna mtambo kwenye jengo ambao ukizimwa ghafla unaharibika ama unaua, huo usiunganishwe kabisa kwenye kipindi cha majaribio, na uandikwe kwa jina kwenye mkataba kwamba haumo.

Kile kipengele cha fidia kiko kichwa chini miguu juu. Mjaribuji anayetumia kitu kwa maelekezo waliyompa hawezi kuwa ndiye anayebeba madai yanayotokana na kosa la kitu hicho, mkikubali mmeuziwa mbuzi kwenye gunia na gunia mmelinunua nyie. Mpendekezee bosi igawanywe: wao wabebe kosa la onyo lao (limetoka wakati halikupaswa, ama limetoka na namba za ajabu), nyie mbebe kosa la waya na lifti zenu. Kutotoka kwa onyo kila mtu abebe lake, hakuna kampuni itakayokubali kulipia tetemeko ambalo haikulisema na kwa kweli haiwezi. Alafu bima, muulizeni wa bima kabla ya kusaini sio baada, baadhi wanataka kujua kitu chochote kinachoendesha mitambo kutoka nje ya jengo.

Kitu kingine ambacho mkataba wako usiache: kizingiti. Onyo linatoka tetemeko likiwa la ukubwa gani, na mtikisiko unaotarajiwa kwenye jengo lenu ukiwa wa nguvu gani? Hizo ni namba mbili tofauti na watu wanazichanganya kila siku. Julai 2019 matetemeko ya Ridgecrest huko California, la 6.4 na kesho yake jioni la 7.1, yaliwatikisa watu wa Los Angeles wakiwa na apu ya mji wao kwenye simu na apu ikakaa kimya kabisa, watu wakapiga kelele kwamba imefeli. Haikufeli. Iliwekwa ipige pale tu mtikisiko unaotarajiwa pale mjini ukifika kiwango fulani, na kwa umbali ule haukufika. Baadaye wakashusha kizingiti kwa sababu watu walitaka kujua hata ule mdogo. Kwenye jengo refu unaweza kutaka kinyume, kizingiti cha juu zaidi kwa lifti na cha chini kwa ujumbe wa walinzi tu. Namba hizo ziandikwe, na mkataba useme hawazibadilishi bila kukuambia wewe kwa jina la cheo chako, sio kwa barua pepe ya jumla ya kampuni inayoishia kwa mtu wa masoko.

SWALI: Nikikosea onyo naweza kufungwa? Nimesikia wanasayansi wa Italia walifungwa kwa kushindwa kutabiri tetemeko.

JIBU: Hiyo hadithi inazunguka sana na imepotoshwa. Baada ya tetemeko la L'Aquila la Aprili 2009 lililoua zaidi ya watu 300, watu saba walihukumiwa mwaka 2012, lakini hoja ya mashtaka haikuwa kushindwa kutabiri, ilikuwa maneno ya kuwatuliza watu yaliyotolewa siku chache kabla. Wanasayansi sita walishinda rufaa 2014. Kwako fundisho la kisheria linategemea nchi yako na sitajifanya wakili wako, ila ona ni kitu gani kilichowapeleka mahakamani: kuwaambia watu wasiwe na wasiwasi. Kwa hiyo kwenye apu ya majaribio usiweke kamwe ile skrini ya kijani inayosema "uko salama". Andika "hakuna ujumbe uliopokelewa", basi.

SWALI: Naweza kutoza ada kwa wajaribuji wangu angalau nilipie seva?

JIBU: Soma kipengele cha matumizi ya kibiashara. Leseni nyingi za tathmini zinakataza mapato ya aina yoyote, hata ada ndogo ama matangazo, na data zenye sharti la kutotumika kibiashara zinakubana hapo hapo. Lakini hata kama imeruhusiwa usifanye. Ukishapokea hela ya mtu kwa ajili ya king'ora, lile neno "majaribio" linakuwa gumu sana kulitetea siku king'ora kisipolia. Tafuta ufadhili wa seva sehemu nyingine, ama punguza wajaribuji.